Kabla hujabonyeza "Jiunge": kuchagua seva ya Mastodon ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Swali ninaloulizwa sana siku hizi, baada ya lile la kopi moja ni shilingi ngapi, ni hili: nikitaka kuingia Mastodon, ule mtandao wa kijamii wenye seva nyingi, kila moja na mwenyewe, nichague seva gani, na je, kuchagua huko kuna maana yoyote? Maana ipo, ila siyo pale watu wanapodhani. Seva haikuchagulii marafiki. Hao utawafuata popote walipo. Inakuchagulia majirani, tena inakuchagulia mwenye nyumba. Aliyewahi kupanga chumba Mwanjelwa anajua kuwa hao wawili ndio wanaoamua kama utakaa miaka au utaanza kutafuta dalali kabla kodi haijaisha.

Nina steshenari Uyole, jirani na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya kwenda Iringa. Nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu za mikopo ya wanafunzi, na nafungulia watu akaunti za kila namna. Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka hapa nchini, waliokuja kuulizia pengine pa kwenda waliongezeka. Wengi jina la Mastodon walikuwa wameshalisikia. Walichokwama nacho ni ukurasa wa mwanzo: seva zimepangwa kama vitenge dukani, kila moja na picha yake nzuri, wala hakuna wa kukuambia hii ina tofauti gani na ile.

Hiki ndicho ninachowaambia.

Kwanza, jinsi posti inavyokufikia

Mastodon ilianzishwa na Mjerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016. Ni programu huria, kwa hiyo yeyote mwenye kompyuta ya kukodi mtandaoni anaweza kuisimika akakaribisha watu. Kila usimikaji ni seva yenye mwenyewe, kanuni zake na gharama zake. Seva hizo zinaongea kwa utaratibu uitwao ActivityPub, uliopitishwa rasmi na W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, Januari 2018. Ndiyo maana mtu wa seva ya Ujerumani anamfuata mtu wa seva ya Japani na wanajibizana bila shida.

Kwa sababu hiyo utasikia wataalamu wakisema, "Jiunge popote, zote ni kitu kimoja." Wamesema nusu.

Hakuna seva inayobeba mtandao mzima. Seva yako inapokea posti za watu ambao angalau mtu mmoja wa hapo ndani anawafuata, pamoja na zile zinazopita kwenye mitambo ya kusambaza ambayo baadhi ya wasimamizi huiunganisha. Mwandishi ambaye hakuna jirani yako anayemfuata, mara nyingi seva yako haina habari naye. Kijana mmoja anayezalisha mbegu za viazi hapa Uyole alikuja analalamika kuwa Mastodon ni tupu. Alikuwa amejiunga kwenye seva ndogo ya watu wa michezo ya kompyuta kwa sababu picha yake ilimvutia. Tulitafuta hashtegi ya viazi kwenye simu yake, ikaja kurasa nyeupe. Nikaitafuta hashtegi hiyohiyo kwenye kompyuta yangu, kupitia seva kubwa, zikamiminika: Wairishi na mashamba yao, mama mmoja wa Peru na viazi vya rangi ya zambarau, mabishano marefu juu ya ukungu. Hakuna aliyemfungia chochote. Majirani zake hawakuwa na habari na viazi, basi seva yao nayo haikuwa na habari na viazi.

Ni hivyo hivyo kwa majibu. Unaweza kuona posti ina majibu mawili, ukiifungua kwenye seva ilikoandikwa ukakuta watu wamejaa. Kwa hiyo swali la kwanza usiulize "seva gani ni kubwa?" Uliza: watu wa seva hii wanafuatilia mambo gani? Mapenzi yao ndiyo yatakayojaza utafutaji wako hata kabla hujamfuata mtu.

Kuna mikondo mitatu ya posti ya kuitofautisha. Wa nyumbani una watu na hashtegi ulizozifuata wewe. Wa seva una posti za hadharani za wenzako wa seva hiyo tu. Wa tatu unachanganya zote zilizowahi kufika kwenye seva. Mkondo wa nyumbani ni mali yako, utahama nao. Ule wa seva ndiyo ujirani wenyewe, na kwenye seva kubwa mno hausomeki: unapita kwa lugha kumi kama magari ya mizigo ya Tunduma. App rasmi ya Mastodon, tangu 2023, inampendekezea mgeni mastodon.social, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Siyo dhambi kuanzia hapo. Ila ujue kuwa ujirani hapo hakuna. Una anwani tu.

Chungulia kabla hujaingia

Kabla sijamfungulia mtu akaunti namfungulia kurasa mbili, na wala hazihitaji kujiandikisha. Andika anwani ya seva kwenye kivinjari, mwishoni ongeza /public/local. Utaona mkondo wa seva ile, isipokuwa kama msimamizi ameufunga kwa wageni. Usome siku ya kazi, kisha uurudie Jumapili jioni watu wakiwa wametulia. Angalia kama wanajibizana au kila mtu anatangaza tu na kuondoka. Angalia mgeni akiuliza swali la kijinga anajibiwaje. Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na hakuna orodha ya seva bora itakayokupa.

Ukurasa wa pili unaupata kwa kuongeza /about. Hapo wasimame wote, hata wenye haraka. Kuna jina la msimamizi na njia ya kumpata. Kama hakuna, ondoka. Kuna kanuni. Na chini kabisa, kwenye seva nyingi zinazojiheshimu, kuna orodha ya seva nyingine zilizowekewa mipaka na sababu kwa kila moja.

Orodha hii nilimsomea mwalimu mmoja mstaafu wa Iringa, mstari kwa mstari, kwa sababu alitaka kujua. Kuna daraja mbili. Seva iliyopunguzwa sauti: posti zake hazitokei kwenye mikondo ya pamoja, lakini ukitaka kumfuata mtu wa huko unaweza. Na iliyokatwa kabisa: huwaoni, hawakuoni, na kama mlikuwa mnafuatana uhusiano unakatika. Tangu toleo la 4.3 la Oktoba 2024 angalau unapata taarifa kuwa umepoteza watu kwa sababu hiyo. Zamani walikuwa wanatoweka kimyakimya ukadhani wamekununia.

Mwalimu akauliza, "Sasa mwanangu, huyu msimamizi ni nani hata aniamulie nani nimsikie?" Ni swali halali, na jibu lake ndiyo moyo wa jambo zima. Ni yule uliyemchagua ulipochagua seva. Mwaka 2019 mtandao wa Gab wa Marekani, maarufu kwa kuwapa nafasi wenye siasa kali za mrengo wa kulia, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Programu ni huria, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwakataza kuitumia. Lakini seva moja baada ya nyingine iliwakatia mawasiliano, na hata Tusky, app ya kutumia Mastodon kwenye simu, ilikataa kuwaingiza. Wakabaki na mtandao wao, wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo ukijiunga na seva ambayo wengine wameikata, nawe umekatwa, hata uwe mpole kama kondoo. Na ukijiunga na seva inayokata ovyo, utakosa watu ambao hawajakukosea.

Mimi napendelea orodha yenye sababu zilizoandikwa kwa ufupi na kueleweka: "matangazo ya kitapeli", "unyanyasaji", "picha chafu za watoto". Orodha yenye mamia ya majina bila sababu hata moja inanipa wasiwasi. Isiyo na jina hata moja inanipa wasiwasi zaidi, maana yake hakuna anayefagia.

Kwa wafanyabiashara kuna la nyongeza. Threads ya kampuni ya Meta, iliyofunguliwa Julai 2023, ilianza mwaka uliofuata kuwaruhusu watumiaji wake kuunganishwa na mtandao huu. Baadhi ya seva zimeikata kwa msimamo, hazitaki biashara na kampuni kubwa. Kama wateja wako wa parachichi wako Threads, hakikisha seva yako haimo kwenye hizo.

Usajili nao unasema jambo. Kuna seva zilizo wazi kwa yeyote, kuna za mwaliko, na kuna zinazokutaka ueleze kwa nini unajiunga, halafu msimamizi anasoma na kukubali. Watu wanazikwepa hizi za mwisho wakiona ni usumbufu. Mimi nazipenda kuliko zote. Februari 2024 mtandao huu ulivamiwa na wimbi la posti za takataka, na zilipitia hasa seva ndogo zilizoachwa wazi bila mtu wa kuziangalia. Mlango wenye mtu ni bora.

Kwenye kile kisanduku cha maelezo usiandike "nataka kujiunga". Mwalimu tulimwandikia hivi, kwa Kiswahili, na chini yake tafsiri ya Kiingereza: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Iringa, kusini mwa Tanzania. Napiga picha za maua ya Kitulo. Nitaandika kwa Kiswahili na mara mojamoja kwa Kiingereza." Hakuna msimamizi mwenye akili atakayemkataa mtu wa maua.

Lugha na utani

Hapa ndipo sisi tunapaswa kuwa makini kuliko Mjerumani au Mmarekani, na miongozo niliyowahi kuisoma haipagusi.

Anayeamua malalamiko kwenye seva yako ana lugha gani? Zipo seva zinazotaka posti za hadharani ziwe kwa lugha wanayoielewa wasimamizi, na wameiandika hivyo kwenye kanuni zao. Siyo ubaguzi, wanaogopa kusimamia wasichokielewa. Lakini kama wewe unataka kuandika Kiswahili, hapo si pako. Pita.

Hata seva isiyo na kanuni hiyo ina tatizo la pande mbili. Upande wa kwanza ni utani. Mnyakyusa akiwatupia Wahehe lile la mbwa, na Wahehe wakamrudishia la ndizi, sisi tunacheka na kuagizana soda. Mtu wa Ulaya akiletewa posti hiyo kwenye meza ya malalamiko, akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, anachokisoma ni kabila moja linalitukana jingine kwa habari ya mbwa. Kwa kanuni zake hilo ni tusi la kikabila, na akaunti inaweza kufungwa kabla hujamaliza kueleza watani ni nani. Upande wa pili ni mbaya zaidi: tusi la kweli, lile la mtu kumwandama binti wa watu kwa Kiswahili cha mtaani, linapita bila kuguswa kwa sababu hakuna anayelielewa, na mashine nayo imelitafsiri kama salamu.

Kwa hiyo kabla ya kujiunga muulize msimamizi, ujumbe mmoja tu: mna mtu anayesoma Kiswahili kwenye timu yenu? Ukiambiwa hapana, uliza la pili: mkipokea malalamiko ya posti ya Kiswahili mtafanyaje? Anayejibu "tutakuuliza wewe kwanza" ni mtu wa kukaa naye. Asiyejibu kabisa naye amejibu.

Ukishaingia, jambo dogo ambalo karibu kila mtu analiruka: kwenye kisanduku cha kuandikia posti pana kitufe cha lugha. Kiweke Kiswahili. Usipokigusa, simu iliyopangwa kwa Kiingereza itaitangaza posti yako kuwa ya Kiingereza, na anayechuja mkondo wake asome Kiswahili tu hatakuona. Nawe chuja: mipangilio inaruhusu kuchagua lugha za mikondo ya pamoja. Ni njia ya kupata kaujirani ka Kiswahili ndani ya seva ya watu wengine.

Seva nazo hufa

Wengi wa wenye seva ni watu binafsi wanaolipia kwa michango. Wanachoka, wanaugua, wanaishiwa. Februari 2023 mwenye mastodon.lol alitangaza kuifunga, akawapa watu miezi mitatu ya kuhama. Huyo alikuwa muungwana. Februari 2024 seva nyingine iliyokuwa na anwani ya .af, ambayo ni ya Afghanistan, ilizimiwa jina kutoka huko huko wanakomiliki herufi hizo mbili. Anwani yako kwenye Mastodon imebeba jina la seva ndani yake, kwa hiyo jina likipotea wafuasi wako hawajui pa kukutafuta. Angalia herufi za mwisho ni za nani kabla hujavutiwa na jinsi zinavyopendeza.

Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimeahidi mambo kadhaa: kusimamia ubaguzi na unyanyasaji kwa vitendo, kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi anayeweza kuingia mitambo ikipata dharura, na kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Ahadi si dhamana, lakini anayeanza namwambia achague humo. Kisha aangalie kama seva inaonyesha mapato na matumizi yake. Nikiona msimamizi ameweka hadharani kuwa mwezi huu tumelipa kiasi fulani na michango imetosha, naamini zaidi kuliko maneno matamu.

Na kwa kuwa kila mtu anauliza: ndiyo, ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haujafungwa kwa ufunguo wa wawili, na mwenye seva akitaka anaweza kuusoma. Usitume namba ya NIDA, usitume namba ya siri ya pesa. Ya siri yapeleke kwingine.

Kikundi kikitaka kuingia pamoja

Wakulima wa viazi wa yule kijana walikuwa na grupu la WhatsApp, wakaniuliza kama wajiunge wote seva moja au kila mtu na yake. Hapa watu wa mtandao huu wanabishana, na mimi nina upande: ingieni pamoja, angalau mwanzoni.

Sababu ni ile ile ya posti inavyosafiri. Wakiwa watu ishirini kwenye seva moja ndogo, mkondo wa seva unakuwa kama wao wenyewe. Anayeuliza bei ya gunia Jumatatu asubuhi anaonwa na wote, hata wasiomfuata. Mmoja akimfuata mtaalamu wa Kenya, posti za mtaalamu yule zinaanza kufika kwenye seva na kila mmoja anaweza kuzikuta kwenye hashtegi. Wakitawanyika kwenye seva ishirini, kila mmoja lazima awafuate wenzake kumi na tisa mmoja mmoja, kazi ambayo nakuhakikishia hakuna mkulima atakayeifanya msimu wa kuvuna.

Upande wa hasara upo pia. Seva ikizimika, wote wamezimika. Msimamizi akigombana na seva nyingine, wote wameingizwa kwenye ugomvi. Na kikundi kinachokaa chenyewe kinaanza kudhani dunia yote ni viazi. Kwa hiyo nikawaambia wawili kati yao, wale wenye simu nzuri na bando la uhakika, wawe na akaunti nyingine seva kubwa, ili kuwe na mlango wa pili. Hashtegi zao nazo wakubaliane mapema. #Viazimbeya ina faida tu kama wote wanaiandika vilevile.

Usiende na grupu zima kwenye seva ya watu bila hodi. Andikia msimamizi: sisi ni wangapi, tunaandika nini, kwa lugha gani. Watu ishirini wa lugha moja wakimwagika siku moja kwenye seva ya Wadachi mia moja, mkondo wao umegeuka. Wengine watafurahi, wengine watakuomba mtafute pengine, na wote wana haki.

Mwalimu wa maua yeye hakuhitaji kikundi. Tulimpeleka seva ya wapenda mimea, Kiingereza kitupu, na akapata kwa wiki majibu mengi kuliko aliyowahi kuyapata kwingine, kwa sababu majirani walikuwa tayari wanafuata watu wa okidi dunia nzima, na Kitulo ina okidi ambazo watu hao wanaziota usiku. Kama angependa picha tupu bila maneno, ningempeleka Pixelfed, ambayo inaongea na Mastodon bila tabu. Mwanafunzi wa kompyuta wa chuo naye alikwenda seva ya watu wa programu huria. Wao, kama ilivyo ada, wanazungumzia Mastodon yenyewe asubuhi hadi jioni.

Wiki ya kwanza

Weka picha na maelezo kabla ya kumfuata mtu yeyote; akaunti tupu inafanana na ya tapeli na wengi hawatakukubali. Andika posti ya kujitambulisha yenye hashtegi za mambo yako, kisha ibandike juu ya wasifu. Usiogope urefu, herufi 500 ndiyo kawaida na seva nyingine zimeongeza. Fuata hashtegi, siyo watu tu. Uwezo huo umekuwepo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022 na ndio unaomwokoa mtu wa seva ndogo. Ukikuta posti nzuri kwingine ambayo seva yako haiijui, nakili anwani yake uibandike kwenye kisanduku cha kutafuta; seva itaifuata na kuileta. Picha uziandikie maelezo kwa wasioona, maana kwenye seva nyingi hiyo ni adabu na utaambiwa. Wenye bando dogo watumie Tusky na wazime upakuaji wa picha za awali.

Kuhama

Hii inawatoa watu hofu, kwa hiyo naieleza mapema. Seva ikikushinda unafungua akaunti mpya kwingine, unaingia kwenye mipangilio ya hiyo mpya na kuitaja ya zamani kuwa ni yako. Kisha unarudi kwenye ya zamani, unachagua kuhamia nyingine na kuandika anwani mpya pamoja na nywila. Wafuasi wanahamishwa wenyewe. Orodha ya unaowafuata, uliowazuia na ulizoalamisha unaipakua kama faili la CSV na kuipandisha upya. Posti zako hazihami. Zinabaki kule, na unachoweza ni kupakua nakala yake ya kumbukumbu. Ukishahama huwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite.

Yote hayo yanahitaji seva ya zamani iwe hai. Ndiyo maana nawaambia wapakue lile faili la CSV mara moja kwa mwezi na kulituma kwenye barua pepe yao, siku ileile wanayonunua umeme.

Anayeuliza kuhusu Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, namjibu kwa ufupi, kwa sababu kule swali lenyewe halina uzito. Seva ya Bluesky inatunza data yako tu. Ujirani unatengenezwa na mikondo na orodha za kuchuja zinazotungwa na yeyote, popote. Ukihama unaweza kuondoka na posti zako. Wengi wako kwenye seva za kampuni yenyewe na hawajui kama wana seva. Kwa mtu asiyetaka kusoma kurasa za kanuni ni raha. Kwa kikundi kinachotaka pahali pake chenyewe, naona Mastodon inawafaa zaidi, pamoja na usumbufu wake wote.

Kuhusu kuanzisha yetu

Vijana wa chuo wamekuja na wazo la seva ya Nyanda za Juu Kusini, ya Kiswahili, Mbeya hadi Njombe na Songwe. Mitambo wanaiweza. Nimewakumbusha tu kuwa seva inahifadhi pia picha zinazotoka kwa watu wa nje wanaofuatwa, kwa hiyo diski inajaa hata kama wenyewe hampigi picha, na kwamba jina, nakala na barua pepe za kuthibitishia akaunti vyote vinalipiwa.

Kigumu ni malalamiko. Saa nne usiku mtu wa Rungwe analalamika kuwa mtu wa Makete amemvunjia heshima, na msimamizi anawajua wote wawili, na mmoja ni shemeji yake. Msimamizi wa Ulaya hakuelewi, lakini pia hana shemeji Makete. Nani atalisoma, nani ataamua, na anayeamua akiwa ndiye mlalamikiwa inakuwaje?

Nikawaambia waniletee vitu viwili: kanuni za ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kueleweka, na majina ya watu watatu wasio ndugu ambao watasoma malalamiko kwa zamu. Kuchapa nitawachapia bure. Kanuni wameshaleta, na ni nzuri. Kipengele cha utani wamekiandika vizuri kuliko ambavyo ningekiandika mimi. Majina bado ni mawili.